Uliza Madam: Siku ya 100 shuleni, watoto 90 na bajeti ni chaki tu

Mbukwenyi wasomaji wangu. Mwezi huu maswali mengi yamekuja kuhusu kitu kimoja, hii siku ya 100 ya masomo ambayo sa hivi inazunguka sana kwenye magrupu ya walimu, kwa hiyo nimeamua niyajibu kwa pamoja. Yaliyobaki mnivumilie.

SWALI: Shikamoo madam. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza shule ya serikali huku Chamwino, Dodoma, nina watoto 90 chumba kimoja. Nimeona video za shule za nje wanasherehekea siku ya 100 ya mwaka wa masomo, watoto wamevaa miwani ya namba 100, kuna keki, maputo, yaani raha tupu. Natamani na wangu wafurahi ila bajeti yangu ni chaki. Halafu hatukuanza kuhesabu siku toka Januari, na likizo ya mwezi wa sita ndo hiyo inakaribia. Inawezekana au niachane nayo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiachane nayo. Hapa nina msimamo kabisa, keki na miwani ni mapambo tu, kitu chenyewe ni kuhesabu, na kuhesabu hakuhitaji bajeti.

Tuanze na tarehe maana ndo wengi wanapopotea. Kule Marekani, ambako hii kitu imezoeleka sana kwa watoto wadogo, shule zinafungua Agosti au Septemba mwanzoni na mwaka wao una kama siku 180 za masomo, kwa hiyo siku ya 100 inawaangukia mwezi wa pili hivi. Sasa mwalimu wa huku akichukua tarehe yao kama ilivyo, anasherehekea siku ya 100 na watoto ambao wamekaa darasani kama mwezi tu. Kwetu mwaka una siku 194 za masomo na muhula wa kwanza unakula karibu nusu, kwa hiyo kwa shule nyingi siku ya 100 inakuja pale pale tukitoka likizo, Julai siku za mwanzo. Usihesabu Jumamosi na Jumapili, sikukuu zote toa, na Sabasaba nayo itoe. Mimi naona sisi imetukalia vizuri kuliko hata wao, maana watoto wanarudi likizo nusu ya namba wamesahau, wengine hata penseli inashikwaje wamesahau, na huku kwetu ndo watu wametoka kuvuna, mtama upo, uwele upo, karanga na alizeti zipo, mtoto hakosi kitu cha kuhesabu nyumbani.

Kuhusu kutohesabu toka Januari, daftari la mahudhurio si unalo? Kila siku mliyosoma imo. Chukua kipindi kimoja cha hesabu kabla hamjafunga, fungua daftari mbele ya watoto, kila siku iliyoandikwa mtoto mmoja anaweka kijiti mezani na darasa zima linahesabu kwa sauti, vikifika kumi mnafunga fungu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli au kamba yoyote. Mkimaliza mtakuwa na mafungu tisa na vijiti kadhaa pembeni, weka kwenye boksi, funga kabatini kwa mwalimu mkuu mpaka Julai. Mkirudi, kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza mtoto mmoja anaongeza kijiti kimoja. Siku fungu la kumi linapotimia mnayafunga yote kumi liwe fungu moja kubwa, na hiyo ndo sherehe yenyewe. Tafadhali usilifunge wewe, waite watoto walifunge hata kama itachukua nusu saa na kamba itakatika. Nasema hivi kwa sababu watoto wetu wanajua sana kuimba namba, anakuimbia moja mpaka mia bila kupumua, ila ukimwambia niletee mawe kumi na tano anakuletea kumi na mbili au ishirini. Mtoto aliyefunga makumi kumi kwa mikono yake, hiyo mia anaielewa.

Sasa watoto wako 90, wewe unaona ni mzigo ila kwa siku hii ni bahati. Wagawe makundi tisa ya watoto kumi kumi. Wakienda likizo kila mmoja mpe kazi ya kurudi na vitu kumi, kundi zima aina moja, visivyonunuliwa, kokoto, vijiti, visoda, mbegu za ubuyu, punje za mahindi, chochote cha kuokota. Visoda viangalie kwanza, vile vyenye kingo kali au kutu vitoe. Siku yenyewe kila mtoto anahesabu kumi zake, anampa mwenzake azihesabu tena, halafu kundi linaunganisha linapata mia. Makundi tisa ni mia tisa. Wewe na mwalimu mkuu na mama anayepika uji mlete mia yenu, muiweke ya mwisho, uwaulize sasa ni ngapi. Andaa masikio maana darasa la kwanza wakigundua wametengeneza elfu moja hilo bati litanyanyuka.

Kuna watakaokosekana siku hiyo, hilo tulijue mapema, na wengine watasahau vitu vyao nyumbani. Usijaze haraka haraka kufunika. Kundi likiwa na themanini waulize zimepungua ngapi ili iwe mia, wakatafute uwanjani, hapo umeshafundisha kutoa bila hata kuandika ubaoni. Ila usimtaje mtoto ambaye hakuja kwamba ndo ameharibu, wengine unajua mwenyewe wanakokaa na umbali wanaotembea.

Halafu kitu ambacho ukifanya nitafurahi sana, panga hizo mia mia zote chini kwenye mstari waziangalie. Punje mia za mtama hazijazi hata kiganja cha mtoto. Kokoto mia ni kichuguu. Vijiti mia huwezi kuvishika kwa mkono mmoja. Waulize ipi nyingi. Karibu wote watakuonyesha kokoto, na huo mjadala waache nao, wahesabu tena, wabishane, wewe kaa pembeni. Mtoto kuelewa kwamba idadi ni ile ile hata kama rundo moja ni dogo ni hatua kubwa sana kwenye hesabu na haiji kwa kuambiwa.

Mkitoka nje fanyeni asubuhi, Julai Dodoma baridi ipo lakini upepo na vumbi la mchana ni kero zaidi, karatasi zote zitaishia kwa jirani. Simameni mlangoni, kila mtoto akisie hatua 100 zitamfikisha wapi, kwenye mti, kwenye choo, kwenye bendera? Weka jiwe pale anapokisia kisha muende. Wa miguu mifupi ataishia njiani na wewe utapita mbali, waulize kwa nini. Rula ya mita ya ubaoni nayo ina sentimita 100, wengi wanaiona kila siku hawajawahi kuambiwa. Kukaa kimya sekunde 100, yaani dakika moja na sekunde arobaini, wanaupenda huo mchezo kuliko unavyodhani na wewe unapata kupumua. Makofi mia mpige na ngoma, hapa si tuko Ugogo jamani, ngoma haikosekani mtaani, mtoto mmoja anapiga kila ikitimia kumi, maana watoto wanakwama pale pale kwenye kubadilisha kumi, ishirini na tisa halafu kimya, na ngoma inawavusha. Wale ambao nyumbani wanaongea Kigogo, waache kumi ya kwanza wahesabu kwa Kigogo, watajisikia na wao shule ni yao.

Kitu kimoja ambacho wenzetu wanafanya na mimi nimekibadilisha ni kuwavalisha watoto kama wazee wa miaka 100, mvi za pamba, mkongojo, mgongo umepinda. Kwetu naona haikai vizuri, mtoto anaishia kumuigiza bibi yake na darasa linacheka. Bora umwalike mzee mwenyewe. Tafuta bibi au babu wa kijijini ambaye alikuwepo kabla ya ule uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, akae kwenye kiti, watoto wamuamkie, wamuulize alikuwa anacheza nini, maji walichota wapi, shule ilikuwa mbali kiasi gani. Dakika ishirini zinatosha, asichoke yeye wala wao. Waandae maswali matatu au manne toka jana yake, vinginevyo wote watamuuliza ana miaka mingapi.

Mchango usiombe hata shilingi mia. Elimu bila ada ipo toka 2016 na mzazi akisikia mchango wa sherehe ya namba hatakuelewa, na mtoto ambaye hana hela utakuwa umempa sababu ya kubaki nyumbani siku hiyo.

SWALI: Habari madam. Mimi ni mzazi, naishi Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Mwanangu yuko darasa la kwanza shule ya binafsi, tumeandikiwa aende siku ya 100 na tisheti iliyobandikwa vitu 100 na pipi 100 za kugawa. Fundi ananiambia elfu ishirini ya tisheti tu. Baba yake anasema asiende. Nifanyeje?

JIBU: Aende dada yangu, mwambie shemeji ashushe pumzi. Tisheti haihitaji fundi. Chukua nyeupe ya zamani au hata shati la baba lililochakaa, koroga udongo mwekundu na uji mzito wa unga, mtoto achovye vidole vyote kumi abandike kwenye nguo, mara kumi. Vidole kumi mara kumi ni mia. Weka kipande cha boksi katikati ya tisheti ili rangi isipite nyuma, ianikeni jioni, asubuhi imekauka. Akiulizwa darasani atawaeleza mwenyewe alivyofanya, ambaye tisheti yake imetoka kwa fundi hatakuwa na cha kusema.

Pipi usipeleke, na mpigie mwalimu wa darasa umwambie kwa upole kabla ya siku yenyewe, usiandike kwenye grupu la wazazi maana litageuka ugomvi na mwalimu atajihami. Mwambie kabisa, mwalimu mimi nitaleta mbegu mia za ubuyu za kuhesabia badala ya pipi. Darasa la watoto thelathini kila mmoja na pipi mia ni pipi elfu tatu hizo, hakuna mwalimu akiipiga hiyo hesabu atakayekukatalia.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kujitolea darasa la awali, Kongwa. Watoto wangu wana miaka mitano, wengine hawajafika. Kumi yenyewe wanahangaika. Na wao washerehekee mia?

JIBU: Washerehekee siku, namba waachie wakubwa. Kwa umri huo kumi ikikaa vizuri mkononi umefanya kazi. Chora duara kumi chini uwanjani, kila duara watoto waweke mawe kumi, basi, wewe unajua ni mia, wao wanajua wamejaza duara zote. Imbeni, waruke mara kumi, wanywe uji. Waonyeshe na ile michoro yao ya Januari kama uliitunza, waiweke pembeni ya ya leo, utaona wanavyojishangaa.

Ila nakuomba sana, awali usitumie punje ndogo. Mahindi, maharage, karanga, mtoto wa miaka mitano anaweka puani au sikioni ukiwa unafunga kamba ya kiatu cha mwenzake, na karanga inakaba. Tumia mawe makubwa ambayo hayaingii mdomoni, au magunzi, Kongwa magunzi mnayo ya kutosha. Na kama mnagawa karanga za kula uliza kwanza wazazi kama kuna mtoto zinamdhuru, wapo.

SWALI: Madam, siku hiyo nikiwapiga picha watoto nikaweka status kuna shida?

JIBU: Ipo. Ongea kwanza na mwalimu mkuu na wazazi, mzazi ambaye hajakubali, mtoto wake asionekane. Mimi ningekushauri upige picha mikono ya watoto na yale mafungu ya vijiti, sura zao na jina la shule viache, wazazi wakitaka kuona waje shuleni siku hiyo wahesabu nao.