Lord Delamere na ukoo wake wa Cholmondeley

SWALI: Mhariri, kila nikisafiri kutoka Nakuru kwenda Nairobi nakutana na jina la Delamere, kuanzia mashambani hadi kwenye duka la maziwa kando ya barabara. Wazee husema alikuwa kabaila wa Kiingereza, lakini kila habari za watu wa familia hiyo zinapoandikwa huitwa Cholmondeley. Je, ni ukoo mmoja? Na huyo Delamere mwenyewe alikuwa nani? (Msomaji, Gilgil)

JIBU: Ndugu msomaji, ukoo ni mmoja. Cholmondeley ni jina la familia, ilhali Delamere ni cheo cha ubaroni kilichotolewa mwaka 1821 kwa mmoja wa watu wa ukoo huo, aliyeishi Vale Royal katika jimbo la Cheshire. Cheo hicho hushikwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja na humwendea mrithi wa kiume, kwa hiyo nduguze wengine hubaki na jina la familia tu.

Unayemwulizia ni Hugh Cholmondeley, baroni wa tatu, aliyezaliwa mwaka 1870 na kurithi cheo mwaka 1887 baada ya kufiwa na baba yake, kabla hajatimiza hata miaka 18. Kijana huyu alipenda kuwinda kuliko kukaa Cheshire, akawa anakwenda Somalia mara kwa mara. Katika safari mojawapo simba alimkamata mguu, na angekufa papo hapo kama mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, asingemrukia mnyama yule na kupambana naye kwa mikono mitupu. Delamere alichechemea maisha yake yote. Safari nyingine ya kutoka Somalia ndiyo iliyomfikisha nyanda za juu za Kenya mwaka 1897.

Mwaka 1899 alimwoa Lady Florence Cole, binti wa Earl wa Enniskillen wa Ireland, na mwaka uliofuata akazaliwa Thomas, mtoto wao wa pekee. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Bibi huyo aliyelelewa katika majumba ya fahari akaanza maisha katika nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi.

Sifa za Delamere kama baba wa kilimo cha walowezi zinahitaji kupimwa. Kondoo aliowaleta kutoka New Zealand walikufa kwa wingi kwa sababu malisho ya Njoro yalipungukiwa na madini, jambo ambalo Wamaasai, waliokuwa wakiikwepa sehemu hiyo, wangeweza kumweleza mapema. Ngano nayo ikashambuliwa na kutu, ugonjwa wa kuvu wa mimea, hata akalazimika kugharimia utafiti wa mbegu zinazostahimili ugonjwa huo. Mwaka 1908 alianzisha kampuni ya Unga. Fedha za majaribio hayo zilitoka kwenye mali ya Cheshire, aliyokopea mikopo mizito. Tena ardhi haikuwa tupu: kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911, Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa kisha Laikipia ili kuwapisha walowezi. Delamere aliwapenda Wamaasai na kuwaajiri kuchunga mifugo yake, lakini alikuwa pia kinara wa siasa za kuwahifadhia Wazungu nyanda hizo, na mapenzi yale hayakuwarudishia hata ekari moja.

Florence alifariki mwaka 1914. Delamere alioa tena mwaka 1928, akamwoa Gwladys Markham, ambaye baadaye alikuwa meya wa Nairobi. Delamere mwenyewe alikufa Novemba 1931 akiwa na madeni makubwa, akazikwa katika shamba lake la Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita. Thomas akawa baroni wa nne, na jumba la Vale Royal likauzwa mwaka 1947. Mwaka 1955 alimwoa Diana, yule yule aliyekuwa mke wa Sir Jock Delves Broughton wakati wa kesi maarufu ya mauaji ya Lord Erroll, kabaila wa Kiskoti aliyeishi Kenya, mwaka 1941.

Baroni wa tano, Hugh, alirithi mwaka 1979. Mwanawe Thomas, ambaye mwaka 2009 mahakama ya Nairobi ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, alifariki mwaka 2016 kabla ya baba yake. Kwa hiyo baroni wa tano alipofariki mwaka 2024, cheo kilimruka Thomas na kumwendea mjukuu. Soysambu, ambayo ina takriban ekari 48,000, sasa ni hifadhi ya wanyamapori na ingali na mifugo.