Mpiga dramu wa jazi hukuzwa na toazi

Anayetoka kwenye roki au muziki wa injili huja na mazoea ya kubeba mwendo kwa besi dramu, ile kubwa ya mguu, na sneya, ile ndogo yenye nyaya chini. Kwenye jazi kazi hiyo ni ya mkono wa kulia, juu ya toazi kubwa la raidi. Jo Jones wa bendi ya Count Basie aliusogeza mwendo kwenye haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu. Miaka ya 1940, huko New York, Kenny Clarke akaupeleka kwenye raidi, na mguu wa besi ukapata nafasi ya kuchokoza.

Kwa hiyo anza na mkono mmoja tu. Gonga 1, 2, 3, 4, halafu ongeza pigo dogo kabla ya 3 na jingine kabla ya 1. Ukigawa hesabu moja mafungu matatu sawa, pigo hilo dogo hukaa kwenye fungu la tatu. Huo ni mwendo wa wastani. Wimbo ukikimbia, pigo husogea kuelekea katikati ya hesabu, na ukifika hesabu 250 kwa dakika, anayeng'ang'ania mafungu matatu husikika akichechemea. Mkono ukikaza hapo, tatizo mara nyingi ni bega: punguza kasi, usiongeze nguvu.

Haihati ifungwe kwa mguu kwenye 2 na 4, kwa mlio mkavu. Besi dramu iguswe kila hesabu, nyundo ikiwa karibu kabisa na ngozi. Mpiga besi ya nyuzi aihisi, wasikilizaji wasiitambue. Wengi huruka hatua hii kwa sababu haina sifa.

Metronomu, mashine ya kugonga mwendo, iwekwe milio 60 kwa dakika, lakini mlio wake uuhesabu kuwa 2 na 4, wewe ukipiga hesabu 120. Baada ya dakika chache utashangaa mlio umehamia kwenye 1 na 3. Hapo ulikuwa unaifuata mashine badala ya kuhesabu mwenyewe. Ukizoea, shusha hadi 30, mlio uwe kwenye 4 peke yake.

Vyombo havihitaji kuwa vingi. Besi dramu ya inchi 18, dramu za tom za 12 na 14, sneya ya 14, raidi ya 20 au 22. Besi ya inchi 22 iliyojazwa blanketi haifai, inazima mlio. Ngozi ya sneya iwe na utando mweupe unaokwaruza, maana kwenye ngozi laini ya kung'aa brashi, zile fimbo za nyuzi za kusugulia, hazisikiki. Zulia usilisahau, besi dramu huteleza.

Kinachotenganisha wapigaji ni kujua wimbo. Alan Dawson, mwalimu wa Boston, aliwataka wanafunzi wake waimbe melodi huku wakipiga mazoezi ya mikono. Mmoja wao, Tony Williams, aliingia bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1963 akiwa na miaka 17. Imba nawe, kwa sauti. Aibu inapita haraka; ile ya kupotea katikati ya wimbo mbele ya watu haipiti.

Mahali pa kupotea panajulikana: kupokezana solo na mpiga saksafoni, kila mmoja vipimo vinne, kipimo kimoja kikiwa hesabu nne. Kwenye wimbo wa vipimo 32 mgawanyo ni sawa na hakuna fumbo. Bluzi ina vipimo 12, yaani mafungu matatu ya vipimo vinne: mzunguko wa kwanza wewe unapata fungu la kati tu, wa pili unapata la kwanza na la mwisho. Asiyejua hilo humaliza solo yake na kukuta bendi imeshaanza mzunguko mpya.

Kuhusu kazi, wito wa kwanza huwa wa kumshikia nafasi mtu aliyeugua au aliyepata safari. Karatasi utakayopewa, hasa ya bendi kubwa, haikuandikii kila pigo. Inaonyesha pale tarumbeta zinapogonga pamoja. Wewe unajaza hesabu moja au mbili kabla ya pigo hilo ili wote waingie kwa uhakika. Kosa la kawaida ni kugonga nao kwa nguvu bila kuwaandalia, na mwendo ukasimama. Jingine ni sauti: ukiona huwezi kusikia besi ya nyuzi bila spika, punguza raidi kwanza, kabla kiongozi hajageuka kukutazama.