Kabla Hujafungua Kompyuta, Nenda River Road

Wiki jana mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniandikia. Amepata nafasi ya kufanya utafiti wakati wa likizo ndefu na anauliza aanzie wapi. Jibu limekuwa refu, nikaonelea niliweke hapa, maana najua wengi wenu mnaitamani nafasi kama hiyo.

Wangu niliufanya mwaka jana: kuonyesha kwenye ramani ya Nairobi mahali muziki wetu wa zamani uliporekodiwa, ulipopigwa na ulipouzwa. Wiki mbili za kwanza sikutoka chumbani. Nilinakili anwani zilizochapwa kwenye santuri, nikaziingiza kwenye programu, vitone vikajaa. Nilijiona nimemaliza.

Siku ya kuwasilisha, mhadhiri mmoja alikitazama kitone nilichokiandika Government Road. Programu haikuijua barabara hiyo, nikakisia, nikaiweka Industrial Area. Victoria Street nayo niliipeleka kusiko. "Wewe ni mtu wa mji huu kweli?" aliuliza, ukumbi mzima ukacheka. Government Road ndiyo Moi Avenue, Victoria Street ndiyo Tom Mboya. Alisema kweli, lakini angeweza kuniita kando. Mpaka leo inaniuma.

Kesho yake nilishuka River Road kwa miguu. Nikampata mzee fundi wa redio aliyewahi kuuza santuri. Nilimsalimu, nikamwonyesha ramani. Akaweka kidole kwenye kitone cha bendi ya Simba Wanyika.

"Kijana, mbona umewakalisha hapa kama wamezaliwa hapa?"

Akanichorea kwa kalamu ya mkaa juu ya kipande cha boksi: ndugu wa Kinyonga, walioianzisha bendi hiyo, walianzia Tanga, wakapitia Arusha, wakaingia Nairobi 1971. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakajitenga, ikazaliwa bendi ya Les Wanyika. Bendi ya Super Mazembe nao walitoka Zaire, wakapitia Zambia, wakafika hapa 1974. Nyimbo tulizokua tukiziita za kwetu zilikuja na watu waliovuka mipaka na magitaa yao. Ramani yangu ya vitone haikuweza kusema hayo. Niliifuta karibu yote, nikaanza kuchora mistari ya safari, na ndiyo iliyonipatia alama ya juu kabisa katika kundi letu. Nasema hivyo kwa fahari.

Kwa hiyo ndugu zangu, nendeni kwa wazee. Msingoje mpaka mkosee. Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti. Kila barabara iandike kwa jina la zamani na la sasa. Na tena nasema, nendeni kwa wazee mapema, maana kila mwaka tunawazika na majina ya kumbi ambayo hayajaandikwa popote. Tusikubali hilo litokee tukiwa tumekaa mbele ya kioo cha kompyuta.

Na wewe dada uliyeniandikia: Jumamosi asubuhi nitakuwa River Road kwa yule mzee. Njoo na daftari.