Sio Cardoso peke yake

Hapana ndugu, kusema South Carolina walibeba ubingwa wa kikapu cha wanawake wa vyuo Marekani 2024 sababu ya urefu wa Kamilla Cardoso tu sio haki kabisa. Kweli Mbrazili yule alitisha, fainali kapiga pointi 15 na ribaundi 17 (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa), ila angalia benchi! Wapinzani wao Iowa walianza kwa kuongoza 10-0, nyota wao Caitlin Clark katupia pointi 18 robo ya kwanza tu, ungedhani mechi imeisha, kumbe kocha wa South Carolina, Dawn Staley, ana watu wa kuingiza, Tessa Johnson akatokea benchi akafunga 19, wakashinda 87-75. Msimu mzima 38-0, na kumbuka wale watano walioanza msimu wa nyuma wote walikuwa washaondoka. Kocha yule apewe maua yake jamani.