Mwembe wenye masizi na maua yenye unga

Dada, umeuliza kuhusu mwembe wako wenye majani meusi, sisimizi shinani na unga mweupe kwenye maua. Hayo ni matatizo mawili kwenye mti mmoja, kwa hiyo usiyatibu kwa dawa moja.

Weusi wa majani kwanza. Futa jani kwa kidole chenye maji: ukitoka, ni masizi tu. Geuza jani, utaona vidudu vimeganda kwenye mshipa wa kati. Vinanyonya utomvu na kutoa majimaji matamu, kuvu nyeusi inaota juu yake. Sisimizi unaowaona wakipanda shina wanafuata utamu huo, tena wanavilinda. Funga nailoni kiunoni mwa shina, ndipo upake grisi juu ya nailoni, si kwenye gome. Kata matawi yanayogusa ukuta, la sivyo watapita huko. Kisha nyunyiza jioni maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai kwa lita 1, chini ya majani hasa. Rudia baada ya wiki.

Unga mweupe kwenye maua ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu. Salfa ileile ya mikorosho inafaa, ila anza vikonyo vya maua vinapochomoza. Maua yaliyokwisha kukauka hayarudi. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, funika pua na macho, na usipulize jua likiwa kali. Dawa ya wadudu wakati wa maua sikushauri kabisa: nzi na nyuki ndio wanaokupa embe.

Tawi likikauka kuanzia nchani huku shina likitoa gundi, mwite afisa ugani kabla ya kushika panga.