Muulize Kocha: Huko Baharini Nitakimbilia Wapi?

Mwezi huu barua tatu zimekuja zote zinanuka maji, sijui mmeambiana. Ya kwanza ilikuwa ndefu nimeikata kidogo.

SWALI: Kocha habari za kazi. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Bweyogerere, asubuhi nakimbia upande wa Namboole, kwa wiki nafika kilomita kama 40 hivi. Sasa nimepata kazi ya uweta kwenye meli kubwa ya watalii, zile zinazotoka Miami kuzunguka visiwa vya Caribbean, mkataba ni miezi minane na naondoka Januari. Mwaka jana nilikimbia nusu marathoni hapa Kampala, na nikirudi kutoka melini nilitaka Novemba niingie ile ya kilomita 42. Marafiki wananiambia huko sahau mbio, utakula na kulala tu. Mwingine anasema kuna uwanja mzima wa kukimbilia juu ya meli. Nani anasema ukweli? Na nifanyeje nisirudi mzito?

JIBU: Hongera kwa kazi mdogo wangu. Mimi mwenyewe nilishafanya jikoni kwenye meli za namna hiyo kabla sijarudi nyumbani, kwa hiyo nakujibu kwa kitu ninachokijua. Rafiki zako wote wana ukweli nusu nusu. Uwanja upo, ila si wako.

Meli nyingi kubwa zina njia ya kukimbilia deki za juu, imepakwa rangi na ina kibao kinachokwambia ukizunguka mara ngapi unapata maili moja, yaani kilomita 1.6. Kwa kawaida ni raundi saba mpaka kumi na moja. Kwa hiyo ukikuta kibao kimeandika kumi, raundi moja ni mita 160 tu, na kilomita tano ni raundi 31, unazunguka mpaka unawajua kwa sura wazee wote walioketi kwenye viti vya jua. Zipo zenye njia ndefu, Oasis of the Seas kwa mfano raundi yake inakaribia mita 700, lakini hizo ni chache. Halafu njia hiyo ni ya wageni. Wewe ukiwa kruu, yaani mfanyakazi wa meli, kukanyaga maeneo ya wageni kunategemea cheo chako na sheria za kampuni, maofisa wanaruhusiwa zaidi, weta mara nyingi hapana. Siku ya kwanza ukishapewa kitambulisho muulize msimamizi wako wazi wazi, ruhusa yangu inaishia wapi na saa ngapi. Usisubiri usalama wakufundishe.

Utakachokuwa nacho ni jimu ya kruu, ambayo ni chumba kidogo, mashine chache na foleni. Meli nyingine zina pia deki ya wazi ya wafanyakazi kule mbele, hapo unaweza kuruka kamba na kupanda shuka ngazi hewa ikikupiga. Na kuna ile korido ya chini inayotoka mbele ya meli mpaka nyuma, mabaharia wanaiita I-95 kwa jina la barabara kuu ya Marekani inayopita Miami, kwenye meli za Waingereza wanaiita M1. Ukiiona mara ya kwanza utasema hapa ndipo, imenyooka utadhani imejengwa kwa ajili ya mbio. Achana nayo. Saa yoyote kuna mtu anasukuma toroli la mashuka limemziba mpaka macho, kuna magunia ya viazi juu ya mbao, sakafu imemwagika maji ya barafu, na ile milango ya chuma ya kuzuia maji inafungwa kwa nguvu ya mashine, haijui kama hapo katikati kuna mguu wa mtu. Watu wameshakufa kwenye milango ile, sikutishi. Korido hiyo ni ya kutembea, na kwa kazi yako utaitembea mpaka uchoke.

Basi inabaki tredimili, ile mashine ya kukimbilia yenye mkanda. Kwenye bahari tulivu ni kama ya Kampala tu. Bahari ikichafuka ndio inakuwa na mambo yake, kwa sababu meli inapopandisha pua mkanda wote unageuka kilima ghafla, mwili unakuwa mzito, sekunde chache baadaye pua inashuka na mguu unakwenda kukanyaga mahali ambapo mkanda bado haujafika. Hiyo unaizoea. Mbaya ni meli ikiyumba ubavu kwa ubavu, hapo unajikuta unakimbia ukingoni mwa mkanda bila kujua umefikaje. Fupisha hatua, punguza spidi, bana ile kamba ya kuzimia mashine kwenye nguo yako, na kama unalazimika kushika vyuma ili usianguke basi shuka, panda baiskeli ya mazoezi au fanya skwati. Ukipata nafasi ya kuchagua, mashine iliyo katikati ya meli na chini ndiyo inayotikisika kidogo, za mbele na za juu kabisa ndizo zinarusha.

Na hiyo saa yako ya GPS izime au iweke kwenye hali ya ndani ya jengo. Meli inakwenda kama kilomita 37 kwa saa, na saa haijui kwamba anayekwenda ni meli, itakuhesabia wewe. Utaambiwa umekimbia kilomita tano kwa dakika nane na kitu, wakati Mganda mwenzetu Joshua Cheptegei alipoweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Monaco mwaka 2020 alitumia dakika 12 na sekunde 35. Wenzako watacheka sana ukiipost.

Kwa hiyo kilomita ziache huku Bweyogerere. Huko hesabu dakika na pumzi: dakika 30 au 35, pumzi ya kuweza kuongea sentensi nzima, mara mbili kwa wiki kwenye mashine, na mara moja ndefu zaidi nchi kavu, saa nzima ukiipata. Inaonekana kidogo ukilinganisha na zile 40 zako lakini usisahau unabeba trei asubuhi, mchana na usiku, miguu haijakaa.

Kitu kitakachoua mbio zako ni usingizi, si bahari wala chakula. Weta anafanya kazi vipande vipande, kifungua kinywa, anapumzika, mchana, anapumzika, chakula cha jioni mpaka usiku, na saa za meli nazo zinasogezwa mbele au nyuma kadiri mnavyosafiri. Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unaosema baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 kwa wiki, na hizo 10 zisikatwe zaidi ya vipande viwili, kimoja kisipungue saa sita. Ile saa sita ni ya kulala. Vijana wengi wanaikata ili waende jimu saa nane za usiku kwa sababu hakuna foleni, wanafanya hivyo mwezi wa kwanza wakiwa na hamu, mwezi wa tatu wameumia mguu au wamepewa barua ya onyo kwa kuchelewa kazini. Kimbia katika kile kipande cha mchana, baada ya vyombo vya chakula kuondoka, hata kama jimu imejaa na unapata dakika 25 tu.

Bandarini ndipo utafurahi, ila napo kuna utaratibu. Si kila bandari utashuka, kuna zamu ya kruu kubaki melini kwa ajili ya dharura, wanaiita IPM, angalia jina lako kwenye orodha kabla hujafunga kamba za viatu. Ukishuka beba kitambulisho cha meli, usiende mbali zaidi ya unavyoweza kurudi kwa miguu, na fuata saa ya meli hata kama saa ya mji ule ni tofauti, kuna watu wameachwa kwa tofauti hiyo ya saa moja. Kwenye visiwa vya Bahamas magari yanapita kushoto kama kwetu, ila Cozumel kule Mexico yanapita kulia, kwa hiyo kabla hujavuka geuza kichwa kushoto kwanza. Na joto lile si la Kampala. Sisi tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, jioni kunapoa, kule unyevu unakukaba na jasho halikauki. Pumzi utaiona nyepesi kwa sababu uko chini, lakini moyo utaenda mbio kwa ajili ya joto, fuata mapigo ya moyo.

Kuhusu kilomita 42 za Novemba, mimi nasema hapana. Unarudi Septemba, zinabaki kama wiki kumi, na zile za kwanza utakuwa unasalimia ndugu, unazoea vilima tena, unalala. Kuna makocha watakwambia inawezekana na si waongo, inawezekana kumaliza. Lakini marathoni ya kwanza ukiimaliza kwa kuburuta mguu inakuchukua miezi kusahau. Ingia nusu tena, hiyo ya 42 iweke mwaka utakaofuata.

SWALI: Kocha, mimi ni mama wa miaka 58 kutoka Mbale. Binti yangu yuko Marekani amenikatia tiketi ya meli ya starehe siku saba. Huku kila asubuhi natembea na kukimbia polepole nusu saa kwa ajili ya presha, daktari ndiye alinianzisha. Naogopa kukatisha, na naogopa pia kuonekana kituko kwa wale wazungu. Tena nasikia chakula ni bure kutwa kucha.

JIBU: Mama shikamoo. Kituko hutakuwa, utawakuta wa rika lako na wakubwa zaidi wanazunguka deki tangu alfajiri, wengine wameshika vikombe vya kahawa. Wewe ndiye mgeni mwenye haki ya ile njia ambayo kijana wa Bweyogerere hapo juu anaitamani.

Ukifika soma kibao. Meli nyingi zinakataza kukimbia mapema sana kwa sababu chini ya ile deki kuna vyumba vya watu wamelala, wanasikia kila hatua, kwa hiyo mpaka saa moja au saa mbili asubuhi tembea tu. Kibao hichohicho kinaonyesha pia mzunguke upande gani, na meli nyingine zinabadilisha upande siku hadi siku, jambo zuri kwa magoti maana kona za upande mmoja zinachosha mguu mmoja. Alfajiri deki inaoshwa, inateleza, subiri ikauke. Upepo wa juu ni mkali, meli inautengeneza yenyewe kwa mwendo wake, ukielekea mbele unasukumwa kifuani, ukigeuka unasukumwa mgongoni. Kofia iache chumbani au ifunge kwa kitambaa, la sivyo samaki wataivaa.

Siku saba hazikuharibii kitu mama, hata ungekaa bila kukimbia kabisa mwili haupotezi mazoezi kwa wiki moja. Cha kuangalia ni dawa zako za presha, beba za kutosha na za ziada, ziweke kwenye mkoba wa mkononi si kwenye sanduku. Chumvi ya bufee ni nyingi, supu na nyama zilizokaushwa hasa, hizo zipite. Kama lifti inakupa uvivu panda ngazi ghorofa moja au mbili ukishika chuma. Na kabla ya kula nawa mikono kwa sabuni na maji, ile dawa ya kupaka mikononi bila maji haikiwezi vizuri kirusi kinachoitwa norovirus, kinachoendesha watu tumbo kwenye meli, na ukikipata mbio zako zitakuwa za kwenda chooni.

Kichefuchefu kikikushika toka nje ukatazame pale bahari inapokutana na mbingu, usikae chumbani kutazama simu. Tangawizi inasaidia wengi. Vidonge vya kichefuchefu muulize kwanza daktari wako wa Mbale, kwa sababu ya hizo dawa nyingine.

SWALI: Kocha mimi nafanya kazi Kalangala, familia iko Entebbe. Kila nikienda na kurudi nakaa kwenye meli ya Ziwa Victoria kutoka Nakiwogo mpaka Lutoboka masaa matatu na nusu bila kufanya kitu. Naweza kukimbia humo ndani?

JIBU: Hapana bwana. Ile ni meli ya abiria na magari, kuna watoto, mizigo, kuku wa watu, na ukianza kukimbia abiria watadhani umeona moto. Simama kila nusu saa, inua visigino mara ishirini ishirini ukishika chuma, nyoosha mapaja, kaa. Mbio zifanye kabla. Siku ya kurudi meli inaondoka Lutoboka saa mbili asubuhi, sasa wewe saa kumi na mbili na nusu uko macho, una kile kilima cha kupanda kutoka gatini kwenda Kalangala mjini, wenzako wanalipa jimu Kampala kupata mashine inayoigiza kilima hicho. Panda mara mbili, shuka polepole, oga, utawahi kiti cha dirishani.