Kabla hujamnukulia jirani kitabu chake

Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliwi. Ziwa zima linang'aa, taa za wavuvi hazivuti kitu, na mitumbwi inalala ufukweni. Sisi tunaokula kwa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, tunabaki na siku kadhaa za kukaa kwenye kahawa na kubishana. Siku hizo ndizo zilizonifundisha kuongea dini na mtu asiye wa dini yangu, na ndizo zilizoniaibisha.

Mimi ni katekista, mwalimu wa dini katika Kanisa Katoliki. Ninayepakana naye mezani ni Mwislamu, jioni anafundisha watoto madrasa, na soko zima linamwita Maalim. Wakati ule nilikuwa na karatasi ya fotokopi niliyopewa na kijana mpenda mihadhara, imejaa aya za Kurani za "kuwabana". Siku moja nikamtolea ya sura Yunus, 10:94: ukiwa na shaka, waulize wanaosoma Kitabu kabla yako. Nikamwambia, "Maalim, si mmeambiwa mtuulize sisi?" Akashusha kikombe, akanijibu kwa Yohana 14:28, Baba ni mkuu kuliko mimi. Baraza likalipuka kama Yanga wamefunga. Nami sikuwa na neno, maana sura hiyo ya Yohana sikumbuki mara ya mwisho niliisoma yote lini. Katekista mzima!

Kwa hiyo la kwanza: hiyo karatasi, kama nawe unayo, ifungie dagaa. Nilipokuja kuisoma Yunus kwa utulivu nikaona aya ile inafuata mara tu baada ya habari za Musa na Firauni, habari ambazo Wayahudi na Wakristo walikuwa nazo tayari. Ukiisoma hapo mahali pake, si rungu la kumpigia mtu. Na Yohana 14 ni Yesu anawaaga wanafunzi wake, anawatuliza mioyo. Wote wawili tulikuwa tumeng'oa mstari na kuuacha mti.

Kisha kuna swali ambalo kila Mkristo wa Mwanza ameshaulizwa: Mungu amezaa lini? Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nafungua Kurani, 5:116, pale Mungu anapomwuliza Isa kama ndiye aliyewaambia watu wamfanye yeye na mama yake kuwa miungu wawili. Nikamwambia Maalim, hilo hata sisi tunalikataa. Hakuna anayefundisha parokiani kwetu kwamba Mungu alioa akapata mtoto. Tukisema Mwana tunamsema Neno aliyekuwako tangu mwanzo, akafanyika mwili. Akafikiri kidogo. "Basi tugombanie hapo kwenye Neno kufanyika mwili, hayo ya kuoa tuyaache."

Tangu siku hiyo ugomvi wetu umehamia mahali pake. Haujaisha. Kwake Isa hakusulubiwa, 4:157 iko wazi. Mimi kila Ijumaa Kuu nabusu msalaba. Sitamdanganya mtu kwamba hayo mawili ni kitu kimoja. Wanaosema dini zote ni sawa, wengi wao niliokutana nao hawajaisoma vizuri hata moja.

Kosa langu jingine lilikuja kwa sura ya ukarimu. Padre wetu alinipa nisome Nostra Aetate, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, la tarehe 28 Oktoba 1965, linalosema Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine, na kwamba linawatazama Waislamu kwa heshima. Akanieleza pia wazo la Karl Rahner, padre Mjesuiti wa Kijerumani: kwamba anayeifuata neema ya Mungu kwa dhamiri njema anaweza kuwa Mkristo bila kujijua. Nikakimbia nalo sokoni kama zawadi. Maalim akacheka mpaka akakohoa. "Kwetu kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani umbile la asili la kumwelekea Mungu, ndio Uislamu wenyewe; wazazi ndio wanaomgeuza. Kwa hiyo wewe, Katekista, ni Mwislamu usiyejijua. Umefurahi?" Sikufurahi hata kidogo. Baadaye nikasoma kwamba Nishitani Keiji, mwanafalsafa Mbudha wa Japani, alimwuliza Rahner jambo kama hilohilo, naye Rahner akasema angeliona ni heshima. Mimi sijafika huko. Ninachokushauri: mwite mtu jina analojiita.

Linaloniuma zaidi halimhusu Maalim. Yeye nilimheshimu, angalau, kwa kuwa ana kitabu. Bibi yangu kule Kisesa alimwita Mungu Liwelelo, na kabla ya kunywa pombe alimwaga kidogo chini kwa ajili ya wazee waliotangulia. Nikiwa nimetoka tu kwenye mafunzo ya ukatekista nilimwambia anaabudu shetani. Alinitazama, akaendelea kupeta mtama. Kumbe hapohapo jirani, Bujora, kuna kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, nami nimesali humo mara nyingi. Na mwaka 1993 Papa Yohane Paulo II alikuwa amekaa na viongozi wa Vodun, dini ya jadi ya kule Benin, akawasikiliza. Mimi nilishindwa kumsikiliza bibi jikoni kwake. Amekufa sijamwuliza hata mara moja, alipomwaga ile pombe alikuwa anawaambia nini. Kama wako yupo hai, anzia huko kabla ya kwenda kwa maalim yeyote.

Mwezi uliopita Maalim aliazima Biblia yangu, asome Yohana kuanzia sura ya 14 hadi ya 17 bila kuruka. Kairudisha na kipande cha karatasi katikati ya sura ya 17, pale Yesu anapomwomba Baba: "Kama wao ni wamoja, huyu hapa anamwomba nani?" Mwezi unajaa wiki ijayo. Nina jibu la nusu ukurasa, na nimeshalifuta mara mbili.